Mwenyeji Nani, Mgeni Nani?

Wakristu wengi hupenda kuwaza kwamba Kanisa la kwanza, lile la Yerusalemu, liliishi bila ugomvi hata kidogo. Twasoma katika Matendo ya Mitume jinsi waamini walivyokuwa na moyo mmoja, jinsi walivyouza mashamba yao ili asiwepo mhitaji kati yao, nasi twaona haya tukijilinganisha nao. Lakini Mtakatifu Luka, aliyeandika kitabu hicho, hakuwa mtu wa kuficha mambo. Tufikapo sura ya sita tu, atueleza habari za manung'uniko. Na manung'uniko hayo, wasomaji wapenzi, hayakuwa juu ya mafundisho ya imani, wala juu ya sala, wala juu ya mwenendo mbaya wa mtu fulani. Yalikuwa manung'uniko ya jamii moja juu ya jamii nyingine. Waamini waliosema Kiyunani waliwalalamikia waamini waliosema Kiebrania, kwa kuwa wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku.

Wote walikuwa Wayahudi, wote walikuwa wamebatizwa, wote walikuwa wameumega mkate mmoja. Kilichowatenga ni lugha, na mahali pa kuzaliwa. Hawa walikuwa wenyeji wa nchi. Wale walizaliwa ng'ambo wakarudi, nao huko Yerusalemu walionekana kuwa watu wa kuja. Basi upawa ulikuwa mkononi mwa wenyeji, na mjane wa watu wa kuja alipofika na bakuli lake alikuta chungu kimekwisha. Hatuambiwi kama aliyegawa alikusudia. Yawezekana hakukusudia, aliwaona kwanza wale aliowafahamu, akawaita kwa majina yao, na wengine hakuyajua majina yao.

Mitume wangeweza kufanya mambo mawili, na yote mawili yangekuwa rahisi. La kwanza, wangeweza kuwakemea waliolalamika na kuwaambia kwamba katika Kristu hakuna Myunani wala Myahudi, basi waache ukabila, warudi nyumbani wakasali. Maneno hayo yangekuwa ya kweli, na wajane wangekufa njaa. La pili, wangeweza kujenga jiko la pili, hawa wale kwao na wale wale kwao, kila watu na chungu chao na mpishi wao. Hapo manung'uniko yangekoma siku ile ile, na Kanisa lingekuwa mawili kabla halijatoka nje ya malango ya Yerusalemu.

Hawakufanya hili wala lile. Waliwaita waamini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Tukiyasoma majina ya hao saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, twaona kwamba yote ni majina ya Kiyunani, na mmoja wao hata hakuzaliwa Myahudi. Maana yake, kama wengi wa wafafanuzi wa Maandiko waonavyo, ni kwamba waliochaguliwa walitoka upande wa walioonewa. Wenyeji walikubali kuutoa upawa mikononi mwao na kuutia katika mikono ya wale waliolalamika. Nao walioupokea hawakupewa kuwagawia wajane wa kwao tu, bali wajane wote, katika meza ile ile.

Katika hao saba alikuwamo Filipo. Na ni Filipo huyo huyo ambaye katika sura ya nane alikutana na towashi katika njia iendayo Gaza, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Waethiopia, akapanda garini mwake, akamfafanulia nabii Isaya, akambatiza. (Wenye elimu watuambia kwamba Ethiopia ya nyakati zile ilikuwa nchi ya Kushi, kandokando ya mto Naili, katika Sudani ya leo, lakini Wakristu wa Ethiopia wamempokea mtu yule kuwa ndugu yao tangu karne nyingi, wala hatuoni sababu ya kuwanyang'anya.) Mtu aliyechaguliwa kwa sababu ya ugomvi wa jamii mbili ndiye aliyempokea katika Kanisa Mwafrika wa kwanza ambaye ubatizo wake umesimuliwa katika Maandiko.

Twaileta habari hii kwa sababu nchi ya Ethiopia, ambayo babu zetu waliiita Uhabeshi, imejaribu kwa muda wa zaidi ya miaka 30 kuliponya donda la makabila kwa njia ambayo ulimwengu wote wapaswa kuitazama kwa makini, na sisi wa Afrika kwanza. Wapo kati yetu wasemao kwamba mambo ya Ethiopia yatatuhusu nini sisi. Tutayasema mwishoni.

Ethiopia ina makabila zaidi ya 80. Mwishoni mwa karne ya 19 mfalme Menelik II alieneza utawala wake upande wa kusini kwa nguvu ya bunduki, na maaskari na mabwana waliomfuata walipewa mashamba pamoja na watu waliokuwa wakiyalima. Mkulima wa kusini akawa mtu wa kutoa sehemu ya mavuno yake na nguvu za mikono yake kwa bwana ambaye hakumjua baba yake. Zamani za mfalme Haile Selassie, hadi 1974, lugha ya shule, ya baraza na ya ofisi ilikuwa Kiamhara. Mworomo au Msidama aliyeshtakiwa katika nchi aliyozaliwa alisimama mbele ya hakimu akahitaji mkalimani. Hebu tuwaze: mtu awe bubu katika kijiji chake mwenyewe! Serikali ya kijeshi iliyofuata iliwanyang'anya mabwana ardhi yao mwaka 1975, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini ilitawala kwa hofu na damu kwa miaka 17, na katika siku zake ilitokea njaa ile ya 1984 na 1985 ambayo watu wazima wote waikumbuka.

Wapiganaji walioiangusha serikali hiyo mwaka 1991 walikuwa wamejipanga, wengi wao, kwa makabila yao. Wakasema: donda la nchi hii ni kwamba watu wa makabila walionewa kama makabila, basi dawa ni kuwapa haki kama makabila. Katiba mpya ikapitishwa tarehe 8 Desemba 1994, ikaanza kutumika mwaka 1995. (Kwetu tarehe hiyo ni Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kwao husherehekewa kuwa siku ya mataifa na makabila.) Katiba hiyo haianzi kwa kusema kwamba raia wa Ethiopia ndio watungao sheria, yasema kwamba watungao ni mataifa, makabila na watu wa Ethiopia. Nchi ikagawanywa katika majimbo tisa, ambayo mipaka yake ilifuata makao ya watu, lugha yao na utambulisho wao. Na kifungu cha 39 kikampa kila mmoja wa watu hao haki ya kujitawala, hata haki ya kujitenga kabisa.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Mtoto wa Kioromo ambaye bibi yake alichekwa shuleni kwa sababu ya lugha yake, leo asoma na kuandika kwa lugha hiyo. Mkulima asimama barazani akasema maneno yake mwenyewe. Hayo si mambo madogo, na Mkristu akumbukaye siku ya Pentekoste hawezi kuyadharau, maana Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu waliokusanyika Yerusalemu kujifunza lugha ya Galilaya. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kwamba kuwakandamiza watu wa jamii ndogo na kuizuia lugha yao na desturi zao ni kosa zito juu ya haki. Tena katika waraka huo huo aliwaonya watu wa jamii ndogo wasiyatukuze mambo ya kwao kupita kiasi, hata kuyaweka juu ya yale yaliyo ya wanadamu wote. Maonyo hayo mawili yakae pamoja, kwa kuwa wengi wetu hukariri moja tu, lile linalomhusu jirani.

Ugumu ulianza pale ambapo kalamu ilipopita kuchora mipaka. Watu hawakuwa wamekaa kwa mistari. Walikuwa wamechanganyika, wameoana, wamefuata mvua na malisho na mashamba ya kahawa, tena serikali zilizopita zilikuwa zimewahamisha wengine kwa maelfu. Jimbo likisha kuitwa kwa jina la kabila, hapo hapo watu waliomo hugawanyika mara mbili: wenye jimbo, na wengine. Katika jimbo la Benishangul-Gumuz, magharibi ya nchi, sheria yalitaja makabila matano kuwa ndiyo wenyewe. Waamhara, Waoromo na wengine wakaao humo kwa wingi hawamo katika hesabu hiyo. Kwa miaka mingi vitambulisho vya kijiji viliandika kabila la mtu. Kitambulisho, ambacho kazi yake ni kusema huyu ni nani, kikaanza kusema huyu ni wa wapi, na baadaye kikasema huyu si wa hapa.

Twaomba tuwasimulie habari za watu wawili majirani, Wagedeo na Waguji, maana kwao twaliona jambo lenyewe vizuri kuliko katika hotuba za wakubwa.

Wagedeo hukaa katika milima ya kusini, upande wa mashariki wa Bonde la Ufa. Ni wakulima hodari. Chakula chao ni ensete, mmea ufananao na mgomba, ila hauliwi matunda. Huliwa shina lake na kiazi chake kilichochachishwa ardhini. Mhaya au Mchaga angeingia katika shamba la Mgedeo angejiona yuko karibu na nyumbani: ensete, na chini yake kahawa, na juu yake miti mikubwa ya kivuli. Kahawa yao ya Yirgacheffe hunywewa dunia nzima, na mwaka 2023 mashamba yao yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu. Waguji ni jirani zao, tawi la Waoromo, wafugaji wa asili ambao siku hizi hulima pia. Masimulizi yao ya kale yasema kwamba baba wa Wagedeo na baba wa Waguji walikuwa ndugu. Mmoja alikuwa na nafaka na ensete, mwingine alikuwa na siagi na ng'ombe, wakakutana sokoni. Damu ilipomwagika kati yao, wazee wa pande mbili walikuwa na ibada yao ya kuikomesha, iitwayo gondoro, ambayo baada yake kisasi kilikuwa mwiko.

Wagedeo waliongezeka, nchi yao ikajaa, vijana wakavuka kwenda kulima kahawa katika nchi ya Waguji. Zamani Wagedeo na Waguji walikuwa wote katika mkoa mmoja wa Sidamo, na yule aliyevuka kilima alikuwa mtu aliyevuka kilima tu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na maana yake si kumwadhibu mgeni, bali kumwingiza katika kazi ya nyumba, awe mtu wa hapo. Wagedeo hao walikwisha kupewa jembe. Walilima, walizaa, walizika wazazi wao hapo.

Mipaka mipya ilipowekwa, Wagedeo wakaangukia jimbo la kusini, na Waguji wakaangukia jimbo la Oromia. Mtu aliyevuka kilima akawa amevuka mpaka wa jimbo. Sasa kila upande ukaanza kuhesabu. Mguji aliwaza: hawa wakizidi kuwa wengi, kesho watadai kura ipigwe, na ardhi hii ihesabiwe kuwa ya kwao. Mgedeo aliwaza: hawa wakitaka, kesho wataniambia nirudi kwetu, na kwetu ni wapi, nami nilizaliwa hapa? Wasomaji wapenzi, zingatieni kwamba hofu zote mbili zilikuwa na sababu. Hakuna aliyekuwa na wazimu. Sheria ilikuwa imewafundisha wote wawili kwamba idadi ya watu ni hati ya shamba. Walipigana mwaka 1995, wakapigana tena mwaka 1998. Na mwaka 2018, kuanzia Aprili, uvumi ulienea, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na katika muda wa miezi michache watu karibu 1,000,000, wakihesabiwa wa pande zote mbili, walikuwa wameyakimbia makwao. Walio wengi sana walikuwa Wagedeo waliokimbilia katika nchi ya baba zao, ambayo ilikuwa imekwisha kujaa. Walilala shuleni, makanisani, katika majengo yasiyo na milango, wakati wa mvua na baridi ya milimani. Kufikia katikati ya 2019 serikali iliwarudisha wengi wao, na watoa misaada walilalamika kwamba wako waliorudishwa kabla ya kuwa na hiari.

Ni Wakristu walio wengi kati ya Wagedeo, na kati ya Waguji Wakristu si haba. Wengi wao ni wa madhehebu ya Kiprotestanti. Sisi Wakatoliki katika Ethiopia nzima hatufiki mmoja kwa mia. Hatulisemi hili ili kuwacheka ndugu zetu. Tutaona punde kwamba hatuna mahali pa kusimama tukacheka.

Mambo mengine tutayapita upesi, kwa kuwa magazeti yameyaandika. Waoromo na Wasomali wa mpakani, 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000,000 wakahama. Metekel, katika Benishangul-Gumuz, Desemba 2020, watu zaidi ya 100 wakauawa katika siku moja. Na vita vya Tigrai, tangu Novemba 2020 hadi mapatano ya Pretoria ya tarehe 2 Novemba 2022, ambamo waliokufa hukadiriwa kuwa mamia ya maelfu, na ambamo moja la magomvi lilikuwa ni nchi ya Welkait, kama ni ya Watigrai au ya Waamhara. Wakati huo huo majimbo yaliendelea kuzaana. Wasidama walipiga kura Novemba 2019 wakapata jimbo lao mwaka 2020. Wa kusini magharibi wakapata lao mwaka 2021. Mwaka 2023 lililobaki la kusini likagawanywa tena. Yalikuwa tisa, sasa ni 12. Kila jimbo jipya likizaliwa, ndani yake huonekana watu wadogo zaidi ambao sasa wao ndio wanung'unikao.

Hatusemi kwamba serikali ya majimbo ni dhambi. Ziko nchi zenye majimbo ambazo watu wake hulala usingizi, na ziko nchi zenye serikali moja ambazo watu wake hulia. Hilo ni jambo la hekima ya utawala, nasi si mabwana wa mambo hayo. Tusemalo ni la Mkristu, na ni hili: neno mwenyeji lina hatari likiandikwa katika sheria kuwa daraja la utu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu awaambia Waisraeli, watu wake wateule, ambao yeye mwenyewe aliwapa nchi ya ahadi, kwamba nchi ile isiuzwe kabisa, kwa kuwa ni yake, nao ni wageni na wapangaji kwake. Kama kulikuwa na kabila duniani lililoweza kudai kuwa na hati ya ardhi iliyotiwa sahihi na Mungu, ni hilo. Na hilo ndilo lililoambiwa: ninyi ni wageni. Sisi wengine tutasema nini?

Sasa turudi nyumbani kwetu, tuanzie katika Kanisa. Hilo neno jimbo, ambalo tumelitumia hapa juu, kwetu sisi Wakatoliki ni eneo la Askofu, na hivyo ndivyo mkatoliki alisikiavyo kwanza. Je, majimbo yetu ya Kanisa yamesalimika? Mwezi Desemba 2012 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimteua Padre Peter Okpaleke kuwa Askofu wa jimbo la Ahiara, Nigeria. Mapadre wengi wa jimbo hilo pamoja na waamini walimkataa, kwa sababu hakuwa mzaliwa wa Mbaise. Hakuweza kukikalia kiti chake. Hata barua ya kila padre aliyodaiwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2017 haikulimaliza jambo, na mwaka 2018 Askofu alijiuzulu. Ajabu yake ni kwamba yeye ni Mwigbo, na waliomkataa ni Waigbo, wa lugha moja na kabila moja. Ukisha kushika kisu cha kutenga wetu na wao, hukosi pa kukata. (Askofu huyo alipewa jimbo jingine mwaka 2020, na mwaka 2022 Baba Mtakatifu alimfanya Kardinali.)

Na liko jambo zito kuliko hilo. Mwezi Aprili 1994, maaskofu wetu walipokuwa wamekusanyika Roma kwa Sinodi ya Afrika, wakilitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu, katika Rwanda, nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa Wakatoliki, waliobatizwa walikuwa wakiwaua waliobatizwa, hata ndani ya makanisa, kwa kutazama neno moja lililoandikwa katika kitambulisho. Watu wetu wa Ngara na wa Bukoba waliiona mizoga ya wanadamu ikichukuliwa na mto Kagera. Katika ile Sinodi askofu mmoja wa Nigeria alisema kwa uchungu kwamba kwa wengi wetu damu ya ukoo bado ni nzito kuliko maji ya ubatizo. Tumeyasikia maneno hayo yakirudiwa mara nyingi kiasi cha kuzoeleka. Yasizoeleke.

Lakini haifai tukae katika aibu tu. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi, si mbali sana na mpaka wetu wa Kigoma. Waliwaingilia wanafunzi bwenini, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Vijana wakakataa kutengana. Wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu pamoja, 40 wakafa. Hawakuwa na mafunzo ya vita wala ya siasa. Nchi yao ilikuwa katika vita tangu 1993, na walezi wao walikuwa wamejibidisha kwa muda mrefu kuwafanya wazungumze pamoja kwa uwazi, hata juu ya maovu yaliyotendwa na watu wa pande zao, na kusali, kucheza na kula pamoja. Sisi tuliolelewa katika nyumba za namna hiyo twajua kwamba umoja wa bwenini haupatikani kwa hotuba. Hupatikana kwa kufua pamoja, na kuuguzana usiku. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilianza rasmi kazi ya kuwaombea hao wahesabiwe kuwa wafiadini wa udugu.

Tuliahidi kusema mambo ya Ethiopia yatuhusu nini. Sisi wa Tanzania tumezoea kusifiwa, nasi twapenda sana kusifiwa. Ni kweli tumerithi mema. Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Kiswahili kimetupa mahali pa kukutana pasipo pa kabila lolote. Tangu sensa ya 1967 hatuulizwi kabila. Wangoni waliopigana vita vikali na jirani zao wa kusini leo ni watani wao, hucheka hata matangani. Lakini sensa isipotuuliza, twaulizana wenyewe. Mkulima na mfugaji walipouana Kilosa, Desemba 2000, watu zaidi ya 30 wakafa, na midomoni mwa watu hayakusikika majina ya waliokufa. Yalisikika majina ya makabila. Na yale maneno, huyu si mwenyeji, hawa ni wa kuja, wametujalia mjini, wameshika maduka yote, wamejaza ofisi ndugu zao, yasemwa wapi kwa mara ya kwanza? Hayasemwi bungeni. Yasemwa mezani, baba akila na watoto wakisikiliza.

Tumepokea barua za vijana, na si moja wala mbili, zieleezazo namna moja ya huzuni. Kijana Mkatoliki ampenda binti Mkatoliki, wote wafuata dini yao, Padre hana kizuizi. Kizuizi ni baba. Baba, mwanachama wa chama cha kitume, msomaji wa somo la Dominika, asema: kabila lile, hapana. Akiulizwa sababu, asimulia habari ya mtu mmoja aliyemdhulumu shangazi yake miaka iliyopita. Akina baba na akina mama, mnayo haki ya kumchunguza mchumba: tabia yake, imani yake, afya yake, bidii yake. Kabila lake si tabia yake. Mwaka mtakaomkataa kwa neno hilo moja, mjue mmemfundisha mtoto wenu katekisimu nyingine, na ataikumbuka kuliko ile ya Kipaimara.

Kadhalika katika parokia. Wakati wa kuchagua halmashauri hatusikii mtu akitaja kabila. Sisi ni watu wa heshima. Lakini majina yakisomwa, aliye mgeni parokiani husikiliza, akajua. Kuna parokia za mijini ambamo mwenyekiti, katibu na mtunza hazina hutoka tarafa moja tangu kanisa lijengwe, na kila mmoja wao ni mtu mwema. Nao wa Yerusalemu walikuwa watu wema.

Basi twaomba jambo dogo. Katika mkutano ujao wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mwenyekiti aandike majina ya wajane wote wakaao katika eneo lake, waliozaliwa hapo na waliofika juzi, wajuao kilugha cha mahali na wasiokijua. Kisha asome jina moja moja, na kila mara aulize nani alikwenda kumtazama mwezi huu. Jina litakalokosa jibu, waende kwake siku hiyo hiyo kabla ya jua kuchwa, na aendaye awe mtu wa kabila lingine.